Kompyuta Moja, Watu Watano

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wazazi. Tumeiweka nzima, bila picha zilizoonyeshwa ukutani, kwa ajili ya wote ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Ndugu wazazi, walimu wetu, na ninyi vijana ambao mkirudi nyumbani mtaambiwa "wewe si ndiye unayejua kompyuta, hebu itengeneze": habari za asubuhi?

Naanza na swali. Wangapi hapa kompyuta ya nyumbani ukiiwasha inafunguka moja kwa moja, bila kukuuliza wewe ni nani? Inueni mikono, msione haya. Naam, ni mingi. Na akaunti hiyo inaitwaje? "User." "HP." "Admin." Wengine inabeba jina la fundi aliyeweka Windows siku ile mliyoinunua. Hapo hapo baba anaandika barua za kazi, mama anaweka hesabu za duka, mtoto wa kidato cha pili anafanya kazi za shule, mdogo wake anacheza michezo, na shangazi akija likizo anafungua barua pepe yake na kuondoka bila kuifunga. Watu watano, lakini kompyuta inamwona mtu mmoja. Na huyo mmoja, kwa bahati mbaya, ana mamlaka ya juu kabisa.

Leo nina neno moja, na nitalirudia mpaka mchoke kulisikia: programu hubeba ruhusa za aliyeifungua. Mchezo alioufungua mtoto unaweza kufanya kila anachoweza kufanya mtoto kwenye kompyuta hiyo. Kama mtoto anaweza kufuta hesabu za duka, mchezo nao unaweza. Kama hawezi, mchezo nao hauwezi. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Tuanze na akaunti. Mambo haya yana historia, na historia yenyewe inachekesha. Mwaka 1961, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja. Kila mtu akapewa faili zake na neno lake la siri. Lakini maneno yote ya siri yaliwekwa kwenye faili moja. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alikuwa amegawiwa saa nne tu za kompyuta kwa wiki, na hazikumtosha. Akafanya nini? Aliandaa kadi ya kutobolewa, karatasi ngumu yenye matundu ya kuipa kompyuta amri, ya kuomba faili lichapishwe, akaandika jina la faili lenye maneno ya siri. Mfumo haukumuuliza kama ana ruhusa ya kulisoma. Ulimchapishia. Akayagawa na kwa wengine, na mmoja wao akawa anaingia kwa akaunti ya mkurugenzi wa maabara, Robert Fano, na kumwachia ujumbe wa kejeli.

Mnaona tatizo lilikuwa wapi? Akaunti zilikuwepo. Maneno ya siri yalikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa juu ya faili lenyewe. Akaunti humtambua mtu. Ruhusa ndiyo humzuia. Ukiweka moja ukaacha nyingine, hujafanya kitu.

Sasa kazi. Kwenye Windows 11 fungua Settings, ingia Accounts, kisha Other users, halafu bofya Add account. Kwenye Windows 10 ukurasa huo unaitwa Family & other users, na kitufe chake ni Add someone else to this PC. Litatokea dirisha linalodai barua pepe. Usiitoe. Bofya maandishi madogo ya chini, I don't have this person's sign-in information, na kwenye ukurasa unaofuata, Add a user without a Microsoft account. Andika jina, neno la siri mara mbili, kisha ujibu maswali matatu ya usalama.

Simameni kidogo kwenye maswali hayo. Windows itauliza jina la mnyama wako wa kwanza, au mji uliozaliwa. Nyumbani kwako nani asiyejua mji uliozaliwa? Na anayejua majibu anaweza kubadilisha neno lako la siri pale pale kwenye skrini ya kuingilia. Basi danganyeni kompyuta, hakuna dhambi hapo. Andika majibu ya uongo na uyahifadhi kwenye karatasi.

Akaunti mpya ikishaundwa huwa ya kawaida, Standard user. Hapo ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Mzazi anafikiri: nitajitengenezea akaunti mpya ya kawaida, na ile ya zamani iwe ya usimamizi. Inawezekana, lakini faili zako, mandhari yako, alamisho za kivinjari chako, vyote viko kwenye akaunti ya zamani. Utahama na mizigo yote. Fanya kinyume chake. Tengeneza akaunti mpya, iite "Msimamizi", bofya Change account type na uipe Administrator. Toka, ingia kwa hiyo mpya, hakikisha neno lake la siri linakubali. Kisha, ukiwa ndani ya hiyo mpya, ishushe ile yako ya zamani iwe Standard user. Utaendelea na faili zako zilezile ulikozoea, na mamlaka yamehamia kwenye akaunti ambayo hakuna anayeitumia kila siku.

Nasisitiza mpangilio huo: tengeneza, jaribu, ndipo ushushe. Ukishusha kabla ya kujaribu, ukagundua neno la siri uliliandika Caps Lock, ile ya herufi kubwa, ikiwa imewashwa, utabaki na kompyuta isiyo na msimamizi anayeweza kuingia. Hapo ni safari ya kwa fundi.

Kuna wanaouliza: "Sasa nikitaka kuweka programu mpya, nitoke niingie tena?" Hapana. Tangu Windows Vista, mtumiaji wa kawaida akijaribu jambo linalogusa mfumo mzima, skrini inatiwa giza na dirisha linadai neno la siri la msimamizi. Mzazi anakuja, anasoma jina la programu, anaandika, anaondoka. Kwa aliye na akaunti ya msimamizi dirisha hilo linadai kubofya Yes tu. Na nani kati yetu anayesoma kabla ya kubofya Yes?

Niseme ukweli mmoja ambao wauza kompyuta hawausemi. Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Zipo programu, vikiwemo vivinjari na michezo kadhaa, zinazojiweka ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, kwenye AppData, na hazihitaji neno la siri la yeyote. Kijana wako atakuwekea hizo bila wewe kujua. Lakini zitabaki ndani ya akaunti yake. Haziingii kwako, hazigusi mfumo. Kwa nini? Semeni pamoja nami: programu hubeba ruhusa za aliyeifungua.

Tarehe 4 Mei 2000 dunia ililijua hilo kwa machungu. Barua pepe ilianza kusambaa kutoka Ufilipino, kichwa chake ILOVEYOU, nakupenda, ikiwa na kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilizoea kuficha herufi za mwisho za majina ya faili, kwa hiyo watu waliona TXT wakadhani ni barua ya maandishi matupu, kumbe ile vbs ya mwisho ni programu. Walioifungua, ilijituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chao cha anwani, kisha ikaandika nakala yake juu ya picha zao za JPEG. Picha zikapotea. Kompyuta nyingi za nyumbani wakati huo zilikuwa na Windows 98. Mnakumbuka skrini yake ya neno la siri? Ulibonyeza Esc ukaingia. Mfumo wake wa diski haukujua mmiliki wala ruhusa. Kila faili lilikuwa la kila mtu.

Leo Windows tuliyonayo inajua mmiliki na ruhusa. Lakini nyumba yenye akaunti moja ya watu watano imeirudisha kwa mikono yake mwaka 2000. Na hata ukiwa na akaunti ya kawaida, faili ovu ulilolifungua wewe litaharibu chochote unachoweza kuandika wewe. Kwa hiyo haitoshi kugawa akaunti. Tuingie kwenye folda, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Chukua nyumba yenye diski mbili, C na D. Faili za kila mtu ndani ya C:\Users zimeshalindwa. Mtoto akigonga folda ya mama ataambiwa hana ruhusa. Lakini diski D, mlikojaza picha za harusi na hesabu za duka, kwa kawaida Windows humpa kila aliyeingia uwezo wa kuandika na kufuta. Kila aliyeingia. Wangapi mlijua hilo? Mnatengeneza akaunti tano, mnajisifu, na picha zote ziko uwanjani.

Tunataka folda moja, D:\Familia, na ndani yake tatu: Picha, Duka na Shule. Picha, watoto waone wasifute. Duka, watoto wasione kabisa. Shule, wote waandike. Tutafanyaje?

Kwanza, msigawe ruhusa kwa mtu mmoja mmoja. Tengenezeni vikundi. Windows Home haina dirisha la vikundi, lile la lusrmgr, na watu wengi wanaishia hapo wakidhani haiwezekani. Inawezekana. Andika cmd kwenye utafutaji, ndilo dirisha la kuandikia amri, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha:

net localgroup Wazazi /add
net localgroup Familia /add
net localgroup Wazazi Mama /add
net localgroup Familia Juma /add

Badala ya Mama na Juma weka majina ya akaunti zenu kama yalivyo. Wazazi waingie kwenye vikundi vyote viwili. Na kila mtu atoke na kuingia upya, kwa sababu Windows husoma vikundi vyako unapoingia tu. Ukimwongeza Juma naye yuko ndani tayari, atakataliwa, nawe utadhani umekosea amri.

Pili, bofya kulia D:\Familia, Properties, kichupo cha Security, kisha Advanced. Hapo utaona kila mstari wa ruhusa na ulikorithiwa, yaani folda ya juu ulikotoka. Bofya Disable inheritance. Utapewa chaguo mbili; chagua ile ya Convert, inayogeuza zilizorithiwa kuwa za folda hii yenyewe. Ile ya Remove inafuta zote kwa mkupuo, na ukiwa huna uzoefu utababaika. Baada ya hapo ondoa Authenticated Users na Users, vikundi vya Windows vinavyomaanisha kila aliyeingia. Acha SYSTEM, yaani Windows yenyewe, na Administrators kama walivyo, ndio wanaowezesha nakala za akiba na ukarabati. Ongeza Wazazi wenye Modify. Ongeza kikundi cha Familia, wao wasome tu, wenye Read & execute.

Kwa nini Modify, si Full control? Modify inatosha kusoma, kuandika na kufuta. Full control inaongeza uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe na kujitwalia umiliki. Nani nyumbani anauhitaji huo kila siku? Hakuna.

Tatu, shuka kwenye Shule, uongeze Familia wenye Modify. Umemaliza huko, ruhusa hujumlishwa, kwa hiyo kusoma kulikotoka juu na kuandika ulikoongeza chini vinaungana. Kwenye Duka, kata urithi kama ulivyofanya juu, na umwondoe Familia. Picha usiiguse, inarithi kusoma tu.

Angalieni nilivyopanga: juu pamebana, chini panafunguliwa. Kuongeza ruhusa chini ni mstari mmoja. Kupunguza chini kunataka kukata urithi, na kila unapokata urithi umejitengenezea folda ambayo mwakani hutakumbuka kwa nini iko tofauti. Kateni mara chache.

Na sasa onyo, tena nalitoa kwa herufi kubwa. Mnapofungua dirisha la ruhusa mtaona safu mbili, Allow na Deny. Msiguse Deny. Nasema tena: msiguse Deny. Mtu anataka kuwazuia watoto, anachagua kikundi cha Users, anatia alama kwenye Deny. Akibofya OK, naye yuko nje. Kwa sababu mama naye ni Users, na Deny iliyowekwa pale pale hushinda Allow. Wengine wanaichagulia Everyone, na Everyone, ndugu zangu, ni pamoja na msimamizi. Kumzuia mtu hakuhitaji Deny. Usimpe ruhusa, basi, asiyepewa hana.

Mtego wa pili ni kuhamisha. Mtoto ameweka picha za mahafali kwenye Shule, mzazi anazikata na kuzibandika Picha. Folda zote mbili ziko diski D. Faili likihamishwa ndani ya diski ileile hubaki na ruhusa zake za zamani. Kilichobadilika ni mahali pake tu. Kwa hiyo picha hizo, japo ziko Picha, watoto bado wanaweza kuzifuta. Ukinakili badala ya kukata, nakala huwa faili jipya na hurithi ruhusa za folda ilikowekwa. Nakili, halafu ndipo ufute za zamani. Kama umeshahamisha, amri hii huzirudisha kwenye urithi:

icacls "D:\Familia\Picha\*" /reset /T /C

Msiisahau ile nyota. Bila nyota, amri inaanza na folda ya Picha yenyewe. Na msiipige juu ya D:\Familia nzima, kwa sababu itafuta hata ule mpangilio maalumu mliouweka kwenye Duka, na watoto wataanza kusoma hesabu.

Mtego wa tatu nitausimulia kwa kirefu, maana unagombanisha watu. Tuseme nyumba ina programu ya zamani ya mauzo, ya enzi za Windows XP, inayohifadhi data ndani ya folda yake mwenyewe kwenye C:\Program Files (x86). Enzi zile kila mtu alikuwa msimamizi, hivyo ilikuwa sawa. Sasa mmegawa akaunti. Mama anaingia kwa akaunti yake, anaandika mauzo ya Jumatatu, anahifadhi. Hakuna kosa lolote lililoonekana. Jioni baba anafungua programu ileile kwa akaunti yake: mauzo ya Jumatatu hayapo. Anauliza. Mama anaapa ameandika. Baba anamwonyesha skrini. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Windows ilipoona programu ya zamani inataka kuandika mahali pasiporuhusiwa, badala ya kuikatalia iliichepusha kimyakimya. Data ya mama imekwenda C:\Users\Mama\AppData\Local\VirtualStore. Mama akifungua anasoma nakala yake; baba anasoma ya kwake. Kila mmoja ana duka lake!

Fundi wa haraka atawaambia wote wawe wasimamizi. Kataeni. Funga programu. Ingia kwenye VirtualStore ya kila mzazi, nakili mafaili yaliyomo uyaweke pembeni, tazama tarehe, amua lipi ni kamili. Nenda kwenye folda ya programu hiyo moja, si Program Files nzima, uwape Wazazi Modify. Weka hapo faili mlilolichagua. Kisha futa zile nakala za VirtualStore, na hili ndilo linalosahauliwa, kwa sababu zikibaki programu itaendelea kuzisoma hizo kwanza na ugomvi utarudi.

Tumalizie folda kwa jaribio. Usiamini ulichokiandika, ingia kwa akaunti ya Juma, nenda Picha, jaribu kufuta picha moja ya majaribio. Windows ikidai neno la siri la msimamizi, umefaulu. Fungua Duka, ikikataa, umefaulu. Andika faili Shule, lihifadhi. Dakika mbili tu.

Sasa jambo la majina. Mnadhani kompyuta inawajua kwa majina? Windows humpa kila anayeundwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ruhusa zote huandikwa kwa namba hiyo. Jina ni la kutuonyesha sisi. Kwa hiyo ukifuta akaunti ya Neema kwa sababu amesahau neno la siri, ukaunda nyingine ya Neema, kwetu ni yuleyule, kwa kompyuta ni mgeni kabisa. Folda zake za zamani zitamkataa, na kwenye Security utaona Account Unknown na namba ndefu. Aliyesahau neno la siri hafutwi, msimamizi anambadilishia. Tena ukifuta akaunti kwenye Settings, kile kitufe kimeandikwa Delete account and data. Kinamaanisha hivyo hivyo: Desktop, Documents, Pictures, vyote vinakwenda.

Vilevile, ukibadili jina la akaunti kutoka HP kuwa Baba, folda itabaki C:\Users\HP. Inaudhi, najua. Iacheni. Anayeibadilisha kwa mkono huingia siku inayofuata akakuta mandhari tupu, kwa sababu Windows imekosa folda iliyokuwa ikiijua na kumfungulia ya muda.

Hili la namba ndilo linalowapata pia wenye diski kuukuu. Kompyuta imekufa, umeitoa diski ukaichomeka kwenye nyingine, na unaambiwa huna ruhusa ya picha zako mwenyewe. Namba za kompyuta ile hazijulikani hapa. Kama diski imekuwa E, fungua cmd kama msimamizi:

takeown /F "E:\Picha" /R
icacls "E:\Picha" /grant Wazazi:(OI)(CI)M /T

Ya kwanza inatwaa umiliki, ya pili inatoa ruhusa, na zile OI na CI ndizo zinazofanya mafaili na folda za ndani zirithi. Kama mko ndani ya PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, mabano hayo yataleta kosa. Zungusheni alama za nukuu kuanzia Wazazi mpaka M, au rudini cmd. Na amri ya takeown isiguse kamwe C:\Windows wala Program Files. Kuna video nyingi mtandaoni zinazofundisha hivyo. Wanaowafundisha hawatakuwepo kompyuta itakapogoma kusasishwa.

Kwa mliohamia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na Windows 10 ilivyokoma kupewa masasisho ya bure Oktoba 2025 najua wengi mnaifikiria kwa zile kompyuta za zamani, mambo ni mafupi zaidi. Folda moja, kikundi kimoja:

sudo groupadd familia
sudo usermod -aG familia juma
sudo mkdir /srv/familia
sudo chgrp familia /srv/familia
sudo chmod 2770 /srv/familia

Saba ni ruhusa zote, sifuri ni hakuna: saba ya kwanza ni ya mmiliki, saba ya pili ni ya kikundi, sifuri ni ya wengine wote. Ile mbili ya mbele ndiyo inayofanya kila faili jipya liwe la kikundi familia badala ya kikundi cha aliyeliunda. Mkiandika 3770, basi kila mtu anaweza kufuta vyake tu, si vya mwenzake, na kwa watoto wanaogombana naipendelea hiyo. Kama wengine wanasoma faili lakini hawawezi kuliandika, andika amri ya umask, inayoonyesha ruhusa ambazo mafaili mapya hunyimwa. Ikijibu 0022, ndiyo sababu, kikundi kimenyimwa kuandika. Herufi a kwenye -aG msiiache. Ukiiacha, usermod inamtoa mtu kwenye vikundi vyake vingine vyote, na ukijifanyia mwenyewe umejitoa kwenye sudo, kikundi cha wasimamizi. Na 777? Hiyo ni Everyone kwa jina lingine. Anayekupa 777 kama dawa hajui ugonjwa.

Mwisho, mipaka ya haya yote. Ruhusa huishi kwenye diski yenye mfumo wa NTFS, au ext4 kwa Linux. Flashi zetu nyingi ni FAT32 au exFAT, na huko hakuna mmiliki wala ruhusa. Ukinakili folda ya Duka kwenye flashi, ulinzi haukusindikizi. Atakayeiokota ataisoma.

Hata diski ya ndani, anayeitoa na kuichomeka kwenye kompyuta yake anakuwa msimamizi wa huko, na zile amri mbili nilizowapa muda si mrefu naye anazijua. Ruhusa ni agizo ambalo Windows yako hulitekeleza ikiwa inaendesha yenyewe. Windows yako ikiwa imezimwa, nani atalitekeleza? Kwa hilo dawa ni kusimba diski, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo. Kwenye Settings, Privacy & security, tafuta Device encryption. Kompyuta kuukuu nyingi hazina kipengele hicho, na Windows Pro inayo BitLocker, huduma kamili ya kusimba. Kikiwepo na kikiwa kimewashwa, wakati mwingine huwashwa bila ninyi kujua, kuna ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uandikeni kwenye karatasi au mhakikishe uko kwenye akaunti ya Microsoft ambayo mnajua neno lake la siri, kabla hamjapeleka kompyuta kwa fundi. Akibadilisha ubao mkuu, Windows itaudai, na bila tarakimu hizo hata yeye hawezi kuwafungulia.

Na mkimpelekea fundi kompyuta, mtengenezeeni akaunti yake. Iite Fundi, jina la Guest litakataliwa kwa sababu Windows inalo tayari, limezimwa ndani. Kama kazi yake inahitaji usimamizi, mpeni Administrator kwa kazi hiyo, mkijua kwamba msimamizi anaweza kujifungulia folda yoyote, hata ya Duka. Ikirudi, ondoeni akaunti hiyo siku hiyohiyo, kisha mfungue Other users mwangalie kama kuna jina lingine msilolijua.

Ahsanteni. Maswali, karibuni, walioleta kompyuta zao wakae meza ya kulia, tuanze na vikundi.